Sura ya Saba: Jiwe Lililohesabu Saa

"Kosa ni langu, afande," Inspekta Kazungu Dena alisema hata kabla ya kuketi. "Nimeua ndama mia moja na arubaini."

Zipporah, mkuu wa upelelezi wa Kilifi, hakuinua macho kwenye karatasi zake. Miaka sita ya kufanya kazi na Kazungu ilikuwa imemfunza kungoja.

"Umewaua vipi?"

"Kabla hawajazaliwa. Lakini hilo halinipunguzii hatia. Mwenye mali yuko uani, ameshika kofia yake ya pikipiki, na sijui nimwambie nini."

Mambo yalikuwa hivi. Ijumaa, saa ya swala, jiwe liliibwa kwenye maabara ya chuo, ng'ambo ya daraja, Mnarani. Jiwe lenyewe dogo kama punje ya choroko, jeusi, limewekwa ndani ya kidonge cha alumini kisha likatumbukizwa kwenye mtungi wa naitrojeni, yale maji ya baridi kali yanayotoa moshi mweupe. Jumamosi alasiri Kazungu akapekua nyumba ya Kahaso, fundi wa maabara hiyo, na chini ya kitanda akakuta mtungi wa namna ile ile, tumbo pana, shingo nyembamba, unafuka. Moyo ukamruka. Akamtia Kahaso pingu, mtungi akaupeleka stoo ya vielelezo. Konstebo Kamande, mlinzi wa stoo, akauliza kama kitu kile hakitalipuka. Kazungu, kwa elimu yake yote ya diploma, akaamuru maji yale yamwagwe nyasini. Nyasi zikafa papo hapo. Akachungulia ndani na tochi, akaona mirija myembamba ya rangi rangi, basi. Jiwe hakuna.

Mirija ile ilikuwa mbegu za fahali. Mali ya Mangi, kaka yake Kahaso, ambaye huzunguka Jilore na vijiji vya huko na pikipiki akipandisha ng'ombe za watu. Maabara ilikuwa ikimpa Kahaso mabaki ya naitrojeni, na Kahaso akimjazia kaka yake mtungi. Jambo la kindugu, halina siri. Ila Kazungu hakuuliza.

"Ulichungulia tu," Zipporah alisema. "Hukuitoa mirija ukaangalia chini yake?"

"Hapana, afande."

"Kosa la pili?"

"Umejuaje kuna la pili?"

"Hujaketi bado."

Kazungu akavuta pumzi. "Jana magharibi nilimpigia simu Dkt. Farid, mkuu wa maabara. Nikamwarifu kuwa leo saa nne tutapekua ofisi zote za pale, na yake ikiwemo. Nikamsimulia na ule mtungi uliomwagwa, ulioko stoo. Nilifanya kwa heshima. Mzee wa watu, familia ya watu."

Zipporah akaweka kalamu chini. "Heshima yako itakuja kukuzika, Kazungu. Nenda ukampe bwana wa ng'ombe mtungi wake. Kahaso anasomewa mashtaka saa nane."

"Bila jiwe?"

"Alikuwa na ufunguo. Wenzake wote wanasema walikuwa msikitini, yeye akabaki peke yake."

"Kusali Jumapili kumekuwa kosa la jinai?"

"Saa nane, Kazungu."

Akatoka. Njia ya kwenda uani inapita mbele ya seli, na Kahaso alikuwa amesimama kwenye nondo. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, leso imefungwa vizuri, kana kwamba yuko safarini na hataki basi limkute hayuko tayari.

"Shikamoo, afande. Kaka yangu amekuja?"

"Marahaba. Yuko nje."

"Kweli mlimwaga?"

"Tulimwaga."

Kahaso akafumba macho. "Watu wa Jilore wameshalipa." Kisha akasema taratibu, bila kulia, "Afande, mimi nafanya kazi kwa mkataba. Nikishasomewa mashtaka mara moja tu, jina langu halirudi pale. Hata nikishinda kesi. Wewe wajua."

Kazungu alijua. Akatafuta mzaha wa kumpa, mfukoni mwake mwote hakuupata.

Mangi hakupiga kelele, na hilo lilimuuma Kazungu zaidi. Aliupokea mtungi mikononi mwa Kamande, akautikisa, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Mkavu kama Ganze mwezi wa pili."

"Pole, ndugu yangu. Ni mimi."

"Najua ni wewe. Na kizibo changu kiko wapi?" Kamande akampa kizibo, kipande cha sifongo kilichobandikwa kwenye mfuniko. Mangi akakigeuza mkononi. "Angalau hamkukipoteza. Wengine hutia kifuniko cha kukaza. Hapo umetengeneza bomu. Moshi lazima upate njia. Hata ukibeba kwa chupa ndogo, unaziba kwa pamba au kitambaa, basi."

Akavuta mirija mafungu mafungu, akaitupa kwenye ndoo. Mikavu, imepauka, mingine imeshapata vumbi. Kisha akaupindua mtungi, akaupiga kofi mgongoni kama mtoto aliyepaliwa.

Kitu kikaanguka sarujini. *Ting'.* Kikabiringika hadi kwenye kiatu cha Kazungu.

Kidonge cha alumini.

Mangi alikitazama, midomo imeachana, rangi ikimtoka usoni. Kamande akasema "Lo!" polepole. Na juu, dirishani pake, Zipporah alikuwa amesimama akiona yote.

"Haya," aliita. "Jiwe si hilo? Lilikuwa kwa Kahaso. Kesi imekwisha."

"Sijui mimi!" Mangi akasema. "Wallahi sijui, na mimi hata si Mwislamu. Dada yangu hawezi..."

Kazungu alikuwa ameshainama. Jicho lake, ambalo Jumamosi lilimwaibisha, leo liliona kitu kabla ya akili. Alikichukua kidonge kwa leso.

"Saa ngapi sasa, Kamande?"

"Saa tatu na dakika tano, afande."

"Gusa mirija hiyo. Ina maji?"

"Mikavu, afande."

"Gusa hiki."

Kamande akagusa, akaitazama ncha ya kidole chake. "Kimelowa. Kina baridi, kama soda ya dukani."

Kazungu akapanda ngazi mbili mbili, jambo ambalo tumbo lake halikuwa limelizoea. "Afande, mtungi ule tangu Jumamosi saa kumi na moja hauna hata tone. Mirija imeshika vumbi. Hiki kilicholala chini yake, mbona kina umande?"

Zipporah akakigusa. "Umande hauwezi kusimama kizimbani, Kazungu. Mwanasheria atasema ni jasho la mkono wako."

"Nipe muda."

"Saa saba na nusu. Niletee karatasi yenye sahihi ya mtu anayelijua jiwe hili. Si maneno yako. Sahihi. Ikikosekana, Kahaso anapanda gari."

*

Dkt. Raiya Abdurahman, mwenye jiwe, aliufungua mlango wa maabara akiwa na mtandio mweusi na koti jeupe la kazi. Alipoona kidonge hakusalimu. Alikipokonya, akakimbia nacho, akakitumbukiza kwenye mtungi. Moshi ukamwagika mezani. Ndipo akaitazama saa ya ukutani, akaandika mkononi kwa kalamu: *3:40*.

"Samahani, Inspekta. Shikamoo. Karibu."

"Marahaba. Hata mke wangu hajawahi kunipokonya kitu kwa kasi hiyo."

Hakucheka. "Limekaa nje ya baridi muda gani?"

"Hilo ndilo nililokuja kukuuliza wewe."

Akamsimulia. Mtungi wa ng'ombe, mirija, umande. Raiya alisikiliza mikono kifuani, na masimulizi yalipofika kwenye saa nane na mahakama, akavuta kiti akaketi.

"Kahaso ndiye aliyenifundisha kumimina naitrojeni bila kujichoma," alisema. "Miezi kumi na moja nimelikuza jiwe lile. Yeye ndiye aliyelala hapa tanuru lilipoharibika. Aibe nini?"

"Moyo wako nauamini, daktari. Lakini mkuu wangu anataka sahihi. Hebu nieleze jiwe hili lina nini, na unieleze kama unamweleza mtu wa Ganze anayejua mahindi tu."

Raiya akafikiri. "Mahindi yatosha. Umeme ndani ya jiwe ni vijichembe, vinakwenda kila mahali ovyo, kama punje ulizomwaga chini. Ukilipoza jiwe sana, vinajipanga. Mstari wenye vingi, mstari wenye vichache, mstari wenye vingi. Kama matuta shambani. Hakuna aliyeyalima. Vinajipanga vyenyewe."

"Kwa sababu gani?"

"Dunia nzima inatafuta sababu. Maana ukizidi kulipoza, hufika mahali umeme ukapita bila kupungua hata chembe, milele, bila joto. Watu wanataka hilo. Lakini matuta yale yanapingana nalo. Ni kama nyumba yenye wake wenza. Mmoja akinawiri, mwenziwe ananyong'onyea. Mimi nachunguza matuta. Hayahitaji baridi ya mwisho, naitrojeni hii ya kawaida yatosha kuyaona."

"Sasa saa inaingia wapi?"

Hapo uso wake ukabadilika. Ukawa uso wa mtu anayeulizwa habari za mwanawe.

"Jiwe hili nililitoa tanurini nikalipoza ghafla. Oksijeni iliyomo ndani ikashikwa pale pale ilipokuwa, haijapata mahali pake. Likibaki kwenye baridi, linabaki hivyo mwaka mzima. Likitolewa likakaa kwenye joto la Kilifi hii, oksijeni inaanza kuhama, polepole, na kila inavyohama, matuta yanaanza mapema zaidi ninapolipoza tena. Jiwe bichi kabisa, matuta huanza kwenye mia na hamsini na moja chini ya sifuri. Likikaa nje siku moja na nusu, mia na arubaini. Nililivunja pande lake moja, nikaviweka vipande pale dirishani, nikawa napima kila saa. Nina mchoro mzima."

Kazungu akaweka viwiko mezani. "Wataka kuniambia jiwe linakumbuka lilikaa nje saa ngapi."

"Halisahau. Na kulirudisha kwenye baridi ni kuisimamisha saa yake. Ndiyo maana nilikupokonya."

"Pima."

"Nipe hadi saa sita na nusu."

"Pima, mama. Mimi nitakaa hapa kimya, jambo ambalo madaktari wengi wameniamuru na nimeshindwa."

Safari hii alicheka, kidogo.

*

Alipokuwa akifunga nyaya nyembamba kama nywele kwenye jiwe, Kazungu alitoka varandani akampigia Kamande.

"Fungua kitabu cha stoo. Tangu Jumamosi nani aliingia?"

Karatasi zikasikika. "Jumapili hakuna, afande. Leo, Mangi, saa tatu. Na mie."

"Mangi alitia mkono mtungini. Angeweza kukitia kidonge wakati ule ule?"

"Nilikuwa namtazama mikono, afande. Mikono mitupu, shati la mikono mifupi."

Kazungu aliipima njia hiyo kichwani, akaiacha. Mangi mtungi wake ulikuwa ndio huo mmoja. Bila mtungi angelihifadhi wapi jiwe kwenye baridi? Na mtu gani husokota kamba ya kumfunga dada yake?

"Hakuna mwengine?"

"Kuna huyu wa asubuhi. Dkt. Farid. Saa moja na dakika kumi, kutambua mtungi. Alisema utajua, mliongea jana."

"Alifanya nini?"

"Aliutazama, akasema si wa maabara, akaenda zake. Dakika tano. Mimi nilikwenda mara moja mlangoni kupokea mahabusu, nikarudi." Kamande akasita, kisha likamtoka jambo lililokuwa likimkera tangu asubuhi. "Lakini afande, mzee yule ni mtu wa Malindi kweli? Amekuja na thermosi ya kahawa, ameishika hivi kwapani, na hakunikaribisha hata nusu kikombe! Saa moja asubuhi! Nikamwamkia vizuri, nikaitazama ile thermosi, akaihamishia upande wa pili."

"Thermosi ilikuwa na kifuniko?"

"Hapana. Imezibwa na kitambaa cheupe."

Kazungu alizaliwa bara, Ganze, lakini miaka ishirini na mbili alikuwa amekula na kunywa pwani hii. Hajaona mtu wa mji wa kale anayeingia mahali na kahawa mkononi asimkaribishe aliyemkuta, hata kama ni adui yake, hata kama kahawa yenyewe imebaki machicha.

"Kamande," alisema, "Mungu akuzidishie ulafi."

*

Saa sita na dakika ishirini na tano Raiya aliita. Kwenye skrini ya kompyuta mstari wa bluu ulikuwa ukishuka, kisha mahali fulani ukapinda, kama njia iliyokutana na kisima.

"Hapa ndipo matuta yanapoanza," alisema. "Mia na arubaini na tisa, na kidogo." Akafungua kitabu kikubwa chenye jalada gumu, akageuza hadi ukurasa wenye mchoro, akatia rula. Kidole chake kikafuata mstari hadi chini. Akarudia. Akatia rula upya.

"Sema."

"Saa mbili na nusu. Labda dakika kumi zaidi au pungufu."

"Limekaa kwenye joto saa mbili na nusu tu? Si siku moja na nusu?"

"Haiwezekani kuwa siku moja na nusu. Ingekuwa hapa juu." Kidole kikapanda. "Mie nimelirudisha saa tatu na dakika arubaini. Toa saa mbili na nusu."

Kazungu hakuhitaji rula. Saa moja na dakika kumi.

"Tangu Ijumaa hadi leo asubuhi jiwe lilikuwa kwenye naitrojeni," alisema taratibu, akilipanga neno baada ya neno. "Kahaso yuko seli tangu Jumamosi. Mtungi wa Mangi mkavu tangu Jumamosi. Kwa hivyo kuna mtu aliyelitunza vizuri siku tatu, akalileta leo stoo kwangu, ndani ya kitu chenye naitrojeni, akalitumbukiza chini ya mirija. Mtu aliyejua mtungi uko pale na hakuna aliyeupindua. Na aliyejua kuwa saa nne ofisi yake inapekuliwa."

Raiya akaiweka rula chini. "Ofisi ya nani?"

"Kwanza nijibu mimi, na uniwie radhi. Mwanasheria ataniuliza. Mchoro huu ni mkono wako. Nitajuaje hukuuchora leo asubuhi?"

"Ni sura ya nne ya tasnifu yangu. Ilipitishwa mwezi wa tatu." Akageuza kitabu. Chini ya ukurasa palikuwa na tarehe, muhuri, na sahihi ndefu ya wino wa kijani yenye mkia uliojipinda kama ndoana.

"Sahihi ya nani hii?"

"Ya msimamizi wangu. Ami yangu." Sauti ilishuka. "Dkt. Farid."

Kazungu akaitazama sahihi, akamtazama binti. Hakupenda alichokiona usoni mwake, kwa kuwa alikuwa ameshafika pale yeye alipokuwa akimpeleka, na alifika peke yake.

"Matuta haya, daktari. Yakionekana kwenye jiwe hili, nani anapata hasara?"

Raiya akakifunga kitabu.

"Mwaka juzi," alisema, "mtu mmoja aliandika kuwa mawe yakiokwa kwa njia yake hayana matuta kabisa. Makala ile ilimpa jina. Ndiyo iliyoleta maabara hii. Mimi nililioka jiwe langu kwa njia ile ile, na matuta yakaonekana. Nilidhani nimekosea, nikapima mara tisa. Ijumaa jioni nilikuwa niyapeleke majibu kwa wenzetu wa nje pamoja na jiwe lenyewe wakalihakiki."

"Ukamwambia?"

"Alhamisi. Alinibusu kichwani, akasema, 'Ukiona vyaelea, vimeundwa, mwanangu.' Nilidhani amefurahi."

Nje gari likasimama. Kazungu ndiye aliyekuwa amemwita Farid, kwa heshima, kwa simu, mara ya pili ndani ya siku mbili.

*

Dkt. Farid alikuwa mzee mrefu, kanzu imepigwa pasi, ndevu zimekatwa vizuri. Aliingia kwa salamu kamili, akauliza afya, akauliza nyumbani, akauliza safari. Kazungu akamjibu zote moja moja.

"Nimesikia jiwe limepatikana," Farid alisema. "Alhamdulillahi. Lakini masikini, nasikia lilikaa stoo bila baridi tangu Jumamosi. Basi halifai tena kwa vipimo. Si lawama kwako, Bwana Inspekta. Ndiyo kadari."

"Kosa langu ni kubwa, mzee. Lakini nina la kukulalamikia na wewe."

"Mimi?"

"Konstebo wangu Kamande amenuna. Asema ulikuja na kahawa asubuhi ukamnyima."

Farid akatabasamu, akachelewa kidogo. "Lo, nisamehe. Nilikuwa na haraka."

"Ilikuwa kahawa chungu au ya tangawizi?"

"Chungu."

"Na kitambaa badala ya kifuniko?"

"Kifuniko kilipotea."

"Kahawa inayozibwa kwa kitambaa barabarani si itamwagika? Bwana mmoja wa ng'ombe leo amenifundisha kuwa kuna kitu kimoja tu ambacho ukikikaza kifuniko kinalipuka." Kazungu aliongea bila kupandisha sauti, kama anayeuliza bei ya nazi. "Thermosi yenyewe iko garini, mzee? Nitume mtu?"

Farid alimgeukia Raiya, akasema kwa Kiswahili cha nyumbani, laini, "Mwanangu, huyu bwana ananisema nini mbele yako?"

Raiya alikuwa amekishika kitabu mikono miwili.

"Ami, jiwe lilikaa nje saa mbili na nusu."

"Nani asemaye?"

"Jiwe."

"Jiwe halina saa."

"Lina, Ami. Sura ya nne." Akakiweka kitabu mezani, akakifungua mbele yake. "Vipande vyote vile pale dirishani, wiki tatu. Ulikuwa ukipita kila siku ukiniuliza nachezea nini. Nikakuletea sura hii, ukaniambia ni nzuri. Sahihi yako hii hapa." Akaigusa kwa kidole. "Hukuisoma."

Mzee aliutazama mchoro. Kwa mara ya kwanza, Kazungu aliona, alikuwa akiusoma kweli. Macho yalifuata mstari kutoka juu hadi chini, yakasimama kwenye saa mbili na nusu, yakarudi. Jicho la mtu wa fani halidanganyiki hata likitaka. Mkono wake ukaenda kwenye sahihi ya kijani, ukaifunika.

"Ungeliacha tu kwenye joto," Kazungu alisema polepole. "Tangu Ijumaa. Tusingejua lolote. Mbona ulilitunza?"

Macho ya Farid yalikuwa kwenye mtungi, kwenye moshi, macho ya mtu asiyeweza kuliharibu jiwe hata kama lingemharibia jina.

Saa ya ukutani ilikuwa saa saba na dakika kumi na mbili. Kutoka hapa hadi stesheni ni dakika kumi na tano, kukiwa hakuna lori darajani. Kazungu akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua kando ya kitabu. Alikuwa ameiandika mwenyewe varandani, mistari minne: kwamba jiwe lilibaki kwenye baridi hadi leo asubuhi, na kwamba halikuweza kuwa kwenye mtungi wa Mangi tangu Jumamosi. Jina la Farid halikuwamo. Halikuhitajika. Kila atakayeisoma atauliza swali linalofuata.

"Daktari Raiya," alisema, "sikulazimishi. Yule ni damu yako. Lakini Kahaso amefunga leso tangu asubuhi, na gari linaondoka."

Raiya aliisoma karatasi yote. Akairudia, kama anavyorudia vipimo. Akachukua kalamu, ile ile aliyojiandikia saa mkononi, akatia sahihi. Haikuwa na mkia. Kisha akaisukuma karatasi hadi mbele ya ami yake, na kalamu juu yake, na machozi ambayo alikuwa ameyazuia tangu saa sita yakamshinda.

"Soma, Ami. Hii isome. Nitafutie palipo na kosa, kama ulivyokuwa ukinifanyia nikiwa mdogo. Nakuomba. Nambie nimekosea hesabu."

Moshi wa naitrojeni ulitambaa juu ya meza, ukafika kwenye vidole vya mzee, ukavipita. Kazungu akaitazama saa.

"Ami, nambie nimekosea."